Si kila tezi ya kifuani ni TB

Naona mnacheka. Haya, mnajua ninakoelekea: sarkoidosisi, ugonjwa wa seli za kinga kujikusanya vipunje-vipunje mwilini, hasa kwenye mapafu na tezi, bila kijidudu cha TB. Itazameni tena picha hii ya kifua. Tezi zimevimba kwenye mzizi wa pafu la kulia, zimevimba kwenye mzizi wa kushoto, zinalingana kabisa. Mgonjwa anatembea, anakula, kikohozi chake kikavu. Makohozi yamepimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu cha TB, hamna kitu. Sasa nani kamwandikia dozi ya TB ya miezi 6?

Jibu lenu nalijua: "Daktari, hapa kwetu TB ndiyo imejaa." Imejaa kweli, sibishi. Na TB ya tezi isiyoonekana kwenye makohozi ipo. Ndiyo maana nataka sitiskani, picha ya eksirei ya vipande-vipande, tena ya kuchomwa dawa ya mshipani. Tezi ya TB mara nyingi huwa ya upande mmoja, katikati imeoza, kwa hiyo ukingo unang'aa na kiini kinabaki cheusi. Ya sarkoidosisi kwa kawaida ni nzima hadi ndani, na mapafuni utaona vipunje vimefuata njia za limfu: kandokando ya vikoromeo, kwenye utando wa pafu, zaidi sehemu za juu na za kati. Nimesema mara nyingi, sikusema siku zote! Limfoma, saratani ya tezi, nayo inahadaa. Picha inakuonyesha pa kuchoma sindano. Biopsi, kile kipande cha tezi kinachopimwa maabara, ndiyo iamue. Na msikimbilie prednisoloni, dawa ya sarkoidosisi inayotuliza kinga ya mwili: ukimpa mwenye TB isiyotibiwa, ugonjwa unasambaa.

Halafu hizi namba za daktari Scadding, za mwaka 1961, za kupanga picha za kifua za sarkoidosisi, 0 hadi 4. Mgonjwa haanzi na 1 akapanda hadi 4. Zinaeleza sura ya picha tu, basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sarkoidosisi ya ubongo, macho na ini mtaniuliza nje. Ya moyo siiruki. Eko, ultrasaundi ya moyo, inaweza kutoka safi na mapigo bado yanakatika. Hapo ni MRI, picha ya sumaku, ya kuchomwa dawa ya gadolini, au PET, picha ya mionzi inayoonyesha wapi ugonjwa unawaka. Dawa ya PET ni sukari yenye mionzi, na msuli wa moyo hupenda sukari. Siku moja kabla hakuna ugali, wali wala soda. Ale nyama, mayai na mafuta, kisha afunge usiku kucha. Akipitia kwa mama lishe asubuhi akanywa chai ya maziwa, moyo unaweza kuwaka wote kwenye picha, na hamtajua kama ni ugonjwa au ni chai. Mwulizeni kabla hajachomwa dawa. Akikiri, apangiwe siku nyingine.