Kidonge, ini na moshi wa sigara

Mwangaluka, mama zangu. Asanteni kwa kunikaribisha Tabora. Nimeombwa nizungumzie dawa za homoni kwa mwanamke aliyekoma hedhi, nami nikasema sitaweza bila kugusa sigara. Najua nimesimama wapi. Humu ukumbini wapo wa Urambo na Kaliua waliosomeshwa kwa fedha ya tumbaku iliyokaushwa kwenye mabani. Sikuja kugombana na mkulima. Leo nasema na anayewasha.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu mama wa miaka 52. Joto la ghafla lilimpanda kifuani hadi usoni, usiku akibadili khanga mara mbili kwa jasho. Nikampa vidonge vya estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma, na projesteroni pia, homoni ya kukinga kizazi, kwa sababu kizazi bado anacho. Akarudi: vilevile. Nikaongeza dozi. Vilevile. Safari ya tatu akafungua pochi atafute kadi ya kliniki, pakiti ya sigara ikadondoka mezani. Tukatazamana. Sikuwa nimemuuliza! Kwetu mama wa umri ule haulizwi kama anavuta, naye hajisemi. Kosa lilikuwa langu.

Kidonge ukikimeza, kabla hakijasambaa mwilini hupitia kwenye ini, na ini lina vimeng'enya vya kuvunja estrojeni. Moshi wa tumbaku umebeba kemikali za kuungua zinazolichochea ini liongeze vimeng'enya hivyo. Ni kama gunia la mahindi linalopita kwenye vizuizi vya ushuru: kila kizuizi kinachota chake. Kwa mvutaji vizuizi vimeongezwa, sokoni linafika debe. Basi joto haliishi, na mifupa haipati kinga iliyotarajiwa. Tena sigara yenyewe huwahisha kukoma hedhi, kwa mwaka mmoja au miwili hivi.

Estrojeni ya kibandiko au ya jeli inapita kwenye ngozi na kuingia damuni bila kuanzia kwenye ini, kwa hiyo moshi hauipunguzi namna ile. Tatizo ni bei, na si kila duka la dawa linayo.

(Sauti kutoka nyuma: "Basi mwenye kibandiko avute tu?" Kicheko.)

Mama, umenishika! Hapana. Sigara inaharibu mishipa ya moyo na ya ubongo, upake jeli usipake. Mwaka 2002 kule Marekani, watafiti wa Women's Health Initiative walisitisha majaribio ya vidonge vya homoni mbili kwa wanawake zaidi ya 16,000, kwa kuwa saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda vilizidi faida. Wengi wao walikuwa wamevuka miaka 60, kwa hiyo mwenye miaka 50 asikimbie dawa kwa kusikia hilo. Lakini kumrundikia mvutaji dozi, kama nilivyofanya mimi, ni kuongeza hatari juu ya hatari.

Na ugoro? Kinachochochea ini ni moshi, si nikotini. Ila ugoro una saratani zake, tutauzungumza siku nyingine.

Yule mama aliacha. Ukiacha, vimeng'enya vile hupungua ndani ya siku chache, na kidonge kilekile kinaanza kufika kwa wingi zaidi. Ndiyo maana siku ile ile nilimpunguzia dozi. Nanyi mkiacha, msikae kimya, rudini kliniki.