Rangi na Ruhusa: Nani Mwenye Ukuta Nairobi?

(Mhadhara uliotolewa Nairobi mbele ya wanafunzi wa sanaa na wa mipango miji)

Habari za jioni. Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka Rongai, maana foleni ya Lang'ata Road saa hizi tunaijua sote.

Walionialika wameniomba nizungumzie sanaa ya mitaani. Siku hizi ukitaja sanaa ya mitaani, watu wengi hufikiria ukuta wa jumba la biashara uliochorwa tembo mwenye masikio ya rangi saba. Sina ugomvi na tembo huyo. Aliyemchora kalipwa, mwenye jumba kafurahi, kanjo, yaani askari wa jiji, wakipita wanapiga naye picha. Hajamsumbua mtu. Leo nataka tuzungumzie rangi iliyosumbua watu, na nani humpa nani ruhusa ya kuipaka.

Naanza na matatu, magari yetu ya abiria, kwa kuwa huko ndiko vijana wengi wa jiji hili walikojifunzia kazi. Miaka ya tisini matatu za Eastleigh na Buruburu, wakati huo tukiziita manyanga, zilichorwa kuanzia boneti hadi bampa ya nyuma: wanamuziki wa Marekani, wachezaji mpira, wahubiri, wahalifu wa sinema, na methali moja mbili kwenye kioo cha nyuma. Kisha Februari 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zikaanza kutekelezwa. Mikanda kwa kila abiria. Vidhibiti mwendo, gari lisizidi kilomita 80 kwa saa. Sare kwa dereva na makanga. Mstari wa manjano ubavuni. Watu walikuwa wakifa barabarani kama mchezo, na kusema kweli mengi katika kanuni zile yalihitajika. Lakini michoro nayo ilitiwa kwenye kapu moja na mwendo wa kasi, kana kwamba picha ya Tupac ndiyo iliyokuwa ikikanyaga mafuta.

Nairobi ikawa na matatu nyeupe. Miaka kumi hivi baadaye, mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta akatamka hadharani kwamba vijana waachwe wachore magari. Mafundi wakatoa kompresa zao, wakaanza kazi mchana kweupe. Novemba 2018, serikali ya rais huyohuyo ikafufua kanuni za Michuki kwa operesheni ya nchi nzima. Matatu nyingi zikajificha, na watu wakatembea kwa miguu hadi kazini. Leo nendeni mkasimame pale steji ya Rongai: nganya, yaani matatu zilizopambwa, zimerudi, na ni kali kuliko zamani. Mstari wa manjano bado upo, ila fundi hodari anaupitisha katikati ya mchoro mpaka uhisi ulikuwa sehemu ya wazo lake.

Naomba muone jinsi ruhusa inavyofanya kazi hapa. Inakuja kwa tamko na kuondoka kwa operesheni. Fundi anayetegemea kupuliza rangi hawezi kupanga mwaka wake, kwa sababu kazi yake ni halali kutegemea nani amezungumza mara ya mwisho. Polisi wa barabarani wanaujua utata huo vizuri, na kila asubuhi kuna mtu anayeulipia.

Mbona basi nganya hazifi? Kwa sababu ya abiria. Mwenye gari anatumia mamilioni ya shilingi juu ya bodi, muziki, taa na rangi. Jina na picha zitakazobandikwa vinafichwa karakana hadi siku ya uzinduzi, na vijana wanakwenda kuipokea gari kama wanampokea bibi harusi. Halafu gari linaingia barabarani na hesabu inaanza: kijana wa Umoja au wa Buruburu anaacha matatu tatu zilizokaa wazi zipite, anangoja moja anayoijua kwa jina. Gari linalojaa kwanza linapiga safari nyingi zaidi. Rangi inarudisha pesa. Hakuna mfadhili wa kigeni pale, hakuna ubalozi, hakuna maombi ya ruzuku yenye kurasa arobaini. Siku hizi, nakiri kwa uchungu, sehemu kubwa ya kazi ni stika zilizochapishwa na mashine, na mkono wa fundi unaonekana zaidi kwenye sura za watu na kwenye herufi. Hata hivyo, kwa maoni yangu hii ndiyo sanaa ya umma pekee Nairobi inayolipiwa na umma wenyewe, nauli kwa nauli.

Sasa tushuke garini, tuje kwenye kuta.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliouawa 1,133. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana, na ndipo msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alipochukua rangi na brashi akaanza kuandika amani. Aliandika kwenye kuta, kwenye mabati, kwenye milango ya vibanda, hata juu ya lami. Hapakuwa na picha. Herufi tupu, za mkono, nyingine zimepinda. Mtu aliyesomea ubunifu wa herufi angezikosoa usiku kucha. Mimi naona ni kazi nzito kuliko tembo kumi wa masikio ya rangi saba, kwa kuwa aliyeandika alikuwa anaishi palepale na ilimbidi alale palepale baada ya kuandika. Nani alimpa ruhusa? Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuitoa. Serikali yenyewe ilikuwa inabishaniwa.

Mwaka 2009 akaja msanii Mfaransa JR. Alipiga picha za wanawake wa Kibera, akazichapisha kubwa kabisa, akafunika nazo mapaa ya nyumba, mita za mraba kama 2,000. Macho mengine aliyabandika ubavuni mwa mabehewa ya treni, na sehemu za chini za nyuso hizo akaziweka kwenye mteremko ulio chini ya reli, hivi kwamba treni ilipofika mahali pake, kwa sekunde chache, uso ulikamilika. Ni ufundi wa hali ya juu. Reli ileile iliyolizaa jiji hili mwaka 1899 ikatumika kuunganisha uso wa mwanamke wa Kibera. Lakini jiulizeni, paa linaonwa na nani? Linaonwa na aliye kwenye treni, na aliye kwenye ndege. Aliye ndani ya nyumba haoni picha, anaona dari. Kumbe JR alilifikiria hilo: kwa mapaa hakutumia karatasi bali turubai la plastiki lisilopitisha maji, ili mvua ikija nyumba zisivuje. Mimi nikiikumbuka kazi ile, naliweka hilo mbele ya macho yote yale makubwa.

Halafu 2012. Mwezi wa Februari, usiku, mpiga picha Boniface Mwangi na wachoraji kina Bankslave, Swift9, Uhuru B na Smokillah walichora ukuta wa choo cha umma katika Mtaa wa Muindi Mbingu, karibu na City Market. Walimchora mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, kaketi kwenye kiti cha enzi, akijigamba kwamba anaiba kodi na kunyakua ardhi na bado atapigiwa kura. Uchaguzi ulikuwa mwaka mmoja mbele. Asubuhi wauza mboga na makarani wa ofisini walisimama kusoma. Pale walisimama pamoja watu ambao kwa kawaida hawasimami pamoja, wakacheka kitu kimoja. Walichora usiku kwa sababu iliyo wazi: kibali cha halmashauri ya jiji kwa mchoro kama ule kisingetoka hata wangekingoja mpaka leo.

Ajabu ni kwamba jiji letu linachorwa bila kukoma na hakuna anayelalamika. Tembea Kayole, Githurai, Kawangware. Duka zima limepakwa rangi ya kampuni ya simu, mbele, ubavuni na mlangoni, na jina la mwenye duka limebanwa kwenye kona. Mwenye duka kapata rangi ya bure. Kampuni imepata bango lisiloshuka. Na kila nguzo ya umeme ina karatasi ya mganga anayerudisha mpenzi aliyepotea, pamoja na namba ya simu. Hao wote kanjo wanawaona na kuwaacha. Kinachowakimbiza mbio na ndoo ya chokaa ni kile kinachomtaja mkubwa, au kile kilichochorwa na kijana asiye na mtu wa kumpigia simu.

Mwaka 2020 tuliyaona mawili kwa pamoja. Kule Mathare vijana walichora kuta kueleza corona: barakoa, kunawa mikono. Viongozi wakapongeza, kamera zikaja. Miezi michache baadaye Kibera ikapata sura ya George Floyd, kazi ya Allan Mwangi, na neno HAKI kando yake. Aliyeuawa na polisi alikuwa wa Minneapolis, Marekani, ila hakuna mtu wa Kibera aliyehitaji kuelezwa kwa nini yupo pale. Marufuku ya kutoka nje usiku ilikuwa ikiendelea, na virungu vya polisi tulivijua.

Nyinyi wa mipango miji, sehemu hii ni yenu. Barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imetuletea mamia ya nguzo. Kila mtaa unapata gorofa mpya na ukuta mpya wa ploti. Zote hizo ni nafasi za kuchora, na zitajazwa. Nikiulizwa, nitaomba mambo mawili ya kawaida kabisa. Kwanza, mwenye ukuta akikubali, kaunti isidai ada ya tangazo kwa kitu kisichotangaza chochote. Pili, anayefuta aandike amefuta nini, lini, kwa amri ya nani, kama vile mtu wa maktaba anavyoandika kitabu kikitolewa rafuni. Kamati ya kuchagua michoro mizuri siitaki. Kamati itachagua tembo.

Nimepitisha muda, mwenyekiti ananitazama. Maswali sasa, na watu wa Rongai najua mnataka kubishana kuhusu nganya za 58, njia ya Buruburu. Haya, leteni.