Kura ya Oktoba 2002 na Busara ya Mgombea Urais

Ndugu wasikilizaji, katika kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2008 swali moja halikubanduka jukwaani: kuhusu vita vya Iraq, ni nani aliyeonyesha busara?

Chimbuko lake ni usiku wa kuamkia tarehe 11 Oktoba 2002, Seneti ilipompa Rais George W. Bush idhini ya kutumia nguvu za kijeshi kwa kura 77 dhidi ya 23. Hillary Clinton, wakati huo seneta wa New York, aliunga mkono. Siku chache kabla ya hapo Barack Obama, wakati huo akiwa mjumbe wa Seneti ya jimbo la Illinois tu, alihutubia mkutano wa hadhara Chicago akasema kwamba hapingi vita vyote, bali vita vya kijinga. Hotuba hiyo ndiyo iliyokuja kumpa nguvu ya kumkabili Clinton, mpinzani wake katika kuwania uteuzi wa chama cha Democratic, aliyemzidi uzoefu.

Naamini mjadala ule ulipima kisichostahili kupimwa. Wengi walitazama ni nani aliyebashiri matokeo, ilhali hata mbahatishaji hupatia. Busara huonekana katika juhudi za mtu kuutafuta ukweli kabla hajaamua, na katika hili ushahidi upo. Mapema Oktoba 2002 mashirika ya ujasusi yaliwasilisha kwa wabunge tathmini ya siri yenye kurasa zaidi ya 90, ambayo seneta aliyetaka kuisoma ilimbidi aifuate katika chumba chenye ulinzi. Humo, kitengo cha ujasusi cha Wizara ya Mambo ya Nje kilieleza wazi kwamba hakikushawishika kuwa Iraq inafufua mpango wa silaha za nyuklia. Na kuhusu mirija ya alumini iliyodaiwa kuwa ya kurutubisha urani, wataalamu wa Wizara ya Nishati nao walitofautiana na wenzao. Seneta Bob Graham wa Florida, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi, aliisoma, kisha akapiga kura ya hapana.

Obama naye asivikwe taji kirahisi, kwani hakuwa na kura ya kupiga. Mwaka 2004 alipoulizwa angefanyaje kama angekuwamo Seneti, alijibu kwamba hajui, kwa kuwa hakuwa ameziona taarifa za kijasusi. Wapinzani walilitumia jibu hilo kumsuta, mimi naliheshimu.

Katika mdahalo wa tarehe 26 Septemba 2008, John McCain, mgombea wa chama cha Republican, alisisitiza ongezeko la askari wa Marekani nchini Iraq la mwaka 2007, ambalo yeye aliliunga mkono na Obama akalipinga. Obama akamkumbusha kwamba vita vilianza 2003. Ni kweli vurugu zilipungua baada ya ongezeko lile, lakini ustadi wa kuzima moto haufuti swali la nani aliyeridhia uwashwe, hasa pale ulipoteketeza karibu askari 4,500 wa Marekani na raia wa Iraq zaidi ya 100,000.

Swali ninalolitetea liliwahi kugusiwa. Juni 2007, katika mdahalo wa New Hampshire, Clinton aliulizwa kama anajutia kutoisoma tathmini ile, akajibu kwamba alielezwa kwa kina yaliyomo. Laiti angeulizwa zaidi: ni nani aliyekueleza, na je, alikutajia pingamizi la Wizara ya Mambo ya Nje?