Mfereji wa Mpakani Hauna Mwenyewe

Waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata, ndugu zangu wana Mwanza. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitasema nini, na nimewaona wawili pale nyuma wanatabasamu. Tabasamuni tu. Nitalisema mpaka lifanyike: halmashauri zetu ziwe na baraza la pamoja.

Mkoa huu una halmashauri 8. Ilemela ilimegwa kutoka Jiji mwaka 2012, baadaye Buchosa ikatoka Sengerema. Sina ugomvi na kugawanya; mwananchi wa Buchosa ana haki ya kumfikia mkurugenzi wake bila kulala njiani. Ugomvi wangu ni kwamba tuligawana watumishi, magari na madeni, tukasahau kuulizana: yale yasiyogawanyika atayashika nani?

Chukueni maji. Chanzo cha Capri Point kiko Nyamagana, upande wa Jiji. Cha Butimba nacho kiko Nyamagana. Mtu wa Kirumba, kule Ilemela, akifungua bomba, anang'arishia vyombo maji yaliyovutwa kwa jirani. Majitaka je? Mabwawa ya kuyatibu yako Butuja, na Butuja ni Ilemela. Kwa hiyo huyu anatoa maji safi, yule anapokea machafu. (Kicheko.) Mnacheka, lakini umewahi kusikia mameya wakigombana kwa hilo? Hawagombani, kwa sababu MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji safi na majitaka, haikukatwa vipande viwili siku Jiji lilipokatwa. Bomba linapita mpakani bila barua wala muhtasari wa kikao.

Sasa njooni kwenye mfereji. Kuna halmashauri mbili, sizitaji, na msiniangalie hivyo, ambazo mpaka wake unapita katikati ya mfereji. Mama mmoja anauza dagaa kandokando. Mvua ikanyesha, kalavati limeziba, maji yakaingia kibandani. Akaenda ofisi ya kata upande wake. Akaambiwa, mama, kalavati hilo ni la wenzetu. Akavuka. Ng'ambo akaambiwa, mama, taka zinatoka kwenu, nenda kaseme kwenu. Ikafika siku ya usafi. Upande mmoja wakazoa vizuri, kwa koleo na toroli, wakarundika ukingoni. Ukingo upi? Wa jirani, bila shaka. Jirani naye akasema taka si zangu, siwezi kulipia lori. Mvua iliyofuata ikazirudisha zote mferejini. Mwisho wa robo, pande zote mbili ziliandika kwenye taarifa kuwa kazi imetekelezwa, na kweli imetekelezwa! Fedha imetumika, stakabadhi zipo, mkaguzi hana hoja. Dagaa wa mama wameelea. Na yale maji yameishia wapi? Ziwani, humohumo tunamovuta ya kunywa.

Ndiyo maana nadai baraza la pamoja la halmashauri za mkoa huu, lenye mfuko wake mdogo na orodha fupi ya kazi.

Najua mtaniambia, mwalimu, tunayo Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Tunayo, ipo kwa Sheria namba 19 ya mwaka 1997, na mijadala yake mingine ni mizuri sana. Inashauri. Haina greda. Mwingine atasema tunayo ALAT, jumuiya ya serikali za mitaa nchini. ALAT inatusemea Dodoma, na inafanya vema, lakini haijaundwa kuja kuzibua kalavati. Na yupo atakayesema posho, huyo hakosekani. Posho ya kikao italipwa, ndiyo. Nami namuuliza: kuzoa taka zilezile kila msimu bila kuziondoa, hiyo ni bure? Sheria za serikali za mitaa za 1982 zinaziruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja. Hatuhitaji Bunge. Tunahitaji wenyeviti wawili wapigiane simu.

Wazee watanikumbusha Malya. Vizuri, maana Malya naipenda. Katika miaka ya 1940 watemi wa Usukuma walikuwa na baraza la shirikisho, makao yake pale Malya, Kwimba. Kukutana kwenyewe kulikuwa jambo jema. Kilicholichafua ni kwamba wakoloni walilitumia kupitishia amri zao: punguza ng'ombe, lima kwa matuta. Watu wakachukia, siasa zikapamba moto, na mwaka 1954 TANU ikapigwa marufuku Jimbo la Ziwa. Kwa hiyo anayeogopa baraza lililoshuka kutoka juu, tuko pamoja. Mimi nazungumzia la madiwani wenyewe, waliochaguliwa, wanaoweza kufukuzwa kwenye sanduku la kura.

Ushuru wa mazao nao nilitaka kuuchambua, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi: tulisimamishana kwenye mageti kwa magunia mawili ya mpunga, mpaka mwaka 2017 sheria ikaamua kwamba mzigo usiozidi tani 1 ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe. Tungekaa wenyewe, tungemaliza mapema.

Gugumaji naliruka, kila mwenye mtumbwi hapa analijua kuliko mimi. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa 2025, mguu mmoja Misungwi, mwingine Sengerema, na viwanja vitapanda bei pande zote mbili. Je, ramani za miji hiyo zinachorwa meza moja? Nauliza tu.

Ombi langu ni hili. Kikao cha kwanza kisifanyike hotelini mjini. Kifanyike Ukerewe, ili wote tupande meli na wajumbe wa mjini waone muda anaotumia mwenzao kufika kwenye vikao vyetu. Ajenda iwe moja: mifereji ya mipakani. Kila mkurugenzi aje na orodha ya yake, na ile itakayoonekana kwenye orodha mbili, au isiyoonekana kwenye yoyote, tuanze nayo. Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali, na tafadhali yasiwe ya posho.