Karatasi zilizowatawanya, sasa zinawakusanya

Jamani, kabla sijaonyesha picha hata moja tuanzie Queensland, Australia, mwaka 1897, maana bila kuijua sheria moja ya huko, hizi kazi za wasanii wawili Waaborijini mtaziona mapambo tu. Iliitwa sheria ya kuwalinda Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, lakini ulinzi wenyewe ndo huu: ofisa anakutoa kwenye ardhi ya mababu zako anakupeleka rizavu, eneo walilotengewa Waaborijini, mbali huko, mshahara wako anaushika yeye, baadaye hata kuoa mpaka upewe kibali, na kila kitu kinaandikwa, barua juu ya barua, faili juu ya faili.

Palm Island, kisiwa cha hukohuko Queensland, ilitangazwa rizavu 1914, na kuanzia 1918 wakarundikwa watu wa makabila kibao, lugha mbalimbali, wengine wamepelekwa kama adhabu. Mwaka 1938 akaja mtafiti Norman Tindale akawapiga picha na kuwapa namba. Humo walikuwemo wazee wa msanii Vernon Ah Kee. Yeye kazichukua zilezile picha kachora sura za ndugu zake kwa mkaa, kubwa mno, namba kaitoa, sasa mzee anakukazia macho na wewe ndo unayekaguliwa. Hiyo kazi inanigusa sana, siwafichi.

Halafu Archie Moore, yeye ni Mkamilaroi na Mbigambul, makabila ya Waaborijini, na kazi yake ilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, 2024. Kuta nyeusi mpaka darini, kaandika ukoo wake kwa chaki, kwa mkono, vizazi 2,400, miaka 65,000 kurudi nyuma! Na kuna mapengo meusi ambayo kayaacha makusudi: mauaji ya halaiki, magonjwa yaliyoletwa, rekodi zilizopotezwa. Katikati kuna dimbwi la maji na juu yake mafungu ya karatasi, nyaraka zaidi ya 500, nyingi ni uchunguzi wa vifo vya Waaborijini mikononi mwa polisi na magereza, majina yamefichwa, na rekodi za ndugu zake mwenyewe zimo humohumo. Mnaona alichofanya? Serikali iliandika ili itawanye familia, yeye anachukua maandishi hayohayo anayaweka katikati ya ukoo wake wote, hao marehemu wamezungukwa na watu wao.

Akashinda Simba wa Dhahabu, tuzo ya banda bora la taifa kwenye maonyesho hayo ya Venice, Mwaustralia wa kwanza kuipata. Kazi yenyewe sasa inamilikiwa na makumbusho ya sanaa ya Queensland kule Brisbane pamoja na makumbusho ya sanaa ya Tate ya Uingereza, na Brisbane ndiko ile sheria ya 1897 ilikopitishwa. Haya, dada pale nyuma ulinyoosha mkono, karibu.