Baada ya Kuanua Tanga

Mwenyekiti, asante. Mada ni wema mdogo mdogo kwa walioelemewa, na walionisikia siku za nyuma wanajua nitaanzia wapi. Wanivumilie.

Kwenye msiba hatuna mpinzani. Turubai linafungwa kabla mwili haujatoka hospitali, daftari la rambirambi linafunguliwa, kina mama wanashika masufuria, kundi la WhatsApp linaundwa na mweka hazina anapatikana humo humo. Tanga likianuliwa, viti vya kukodi vinarudi kwa mwenyewe na sisi tunarudi makwetu. Wiki ya sita nani anampigia simu mjane? Mwenye nyumba, anadai kodi.

Na sisi tulishajitoa lawamani, maana tuliaga kwa kusema, "Ukiwa na shida usisite kuniambia." Jamani! Mtu hana nguvu ya kuinuka kitandani, wewe unampa kazi ya kuorodhesha shida zake, kukutafuta na kukuomba.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 1969, San Francisco, daktari wa magonjwa ya akili, Jerome Motto, alianza kufuatilia watu waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa hatari ya kujiua. Walipotoka, 843 kati yao walikataa kuendelea na matibabu au waliyaacha njiani. Hao ndio tunaowasema, "Tumemsaidia, mwenyewe hataki." Motto aliwagawa kwa kura makundi mawili. Kundi moja hawakutafutwa tena. La pili waliandikiwa barua, na mwandishi alikuwa yule yule aliyezungumza na mgonjwa wodini.

Barua zenyewe fupi, mistari michache tu: ni muda sasa tangu utoke hospitali, tunatumaini unaendelea vizuri, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Basi! Hakuna "unakunywa dawa?", hakuna "mbona huji kliniki?", hakuna fomu. Mwanzoni kila mwezi, baadaye kila miezi miwili, halafu kila miezi mitatu, mpaka ikatimia miaka mitano. Barua 24 kwa mtu asiyedaiwa jibu.

Katika miaka miwili ya mwanzo, waliojiua kwenye kundi la barua walikuwa wachache kuliko kundi lile jingine, na hesabu zilionyesha si jambo la kubahatisha. Kadiri miaka ilivyokwenda tofauti ilipungua, kwa hiyo asitoke mtu hapa akisema mama kasema salamu ni dawa. Mgonjwa apelekwe hospitali. Ninachosema ni kwamba watu wale walikuwa wameikataa hospitali, na barua ikawafikia.

Namwona kijana pale anatabasamu. Unawaza: shida yetu ni pesa, salamu hailipi ada. Kweli, hailipi. Kama unazo, lipa ada, nami nitakupigia makofi. Lakini wengi humu hatuna hiyo ada, na kwa sababu hatuna tunajificha. Tunamwona mjane sokoni tunapita uchochoro mwingine, tusije kuonekana mikono mitupu. Yeye anaona tu kwamba watu wanamkwepa.

Mwingine ataniuliza, nimwambie nini? Mwambie, "Leo nimekukumbuka. Usijisumbue kujibu." Mwezi ujao mtumie tena. Au ondoa maneno kabisa: "Kesho naenda kusaga, nitapitia debe lako." Si lazima umuulize analia saa ngapi. Na usimkumbushe kuwa kuna walio na hali mbaya zaidi yake. Huo ubishi hana haja nao. Wala usimpige picha akipokea unga! Hili nalisema kila mahali, na kila mahali kuna mtu anashusha simu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuwapeleka Zimbabwe, ambako tangu 2006 mradi wa daktari Dixon Chibanda umewafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza majirani waliolemewa na mawazo. Bibi, si madaktari, na utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta waliosikilizwa wakipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Tutalirudia siku nyingine. La waajiri na wafanyakazi waliofiwa naliacha, maana nikilianza tutalala hapa.

Maswali. Anza wewe, mama wa kitenge cha bluu, ulikuwa umenyoosha mkono tangu nilipogusa rambirambi.