Wamarekani Walikimbia Majiji Kweli Wakati wa Korona? Mimi Ndo Nilibeba Maboksi Yao

Wadau habari zenu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina mbwembwe, nimekaa kwenye gari nimetoka kazini, taa ya humu mbaya ila mtanivumilia. Kuna swali linarudi sana kwenye komenti, na juzi kuna dada kaliuliza tena, anasema kaka hivi ni kweli kipindi cha korona Wamarekani walikimbia majiji wakaenda kuishi vijijini, na kama ni kweli basi New York si imebaki mahame? Nikacheka peke yangu, maana hilo swali mmempata mwenyewe. Sisi wa huku tunasemwa siku zote kwamba tunabeba maboksi, basi mimi 2020 nilibeba maboksi kweli kweli, ya kwao, nayatoa Manhattan, pale katikati ya jiji la New York, nayapeleka huko walikokimbilia.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Tarehe 11 Machi 2020 WHO wanatangaza hili sasa ni janga la dunia, tarehe 16 shule za New York zimefungwa, tarehe 22 amri ya gavana Cuomo imeanza, asiye na kazi ya lazima akae ndani. Mwisho wa mwezi huohuo ile meli ya hospitali ya jeshi la majini, USNS Comfort, imetia nanga Manhattan, na nje ya hospitali yamepangwa malori ya friji ya kuwekea maiti. Usiku kucha unasikia ving'ora tu. Sasa wewe una hela, una nyumba ya pili huko Hamptons karibu na bahari, unakaa kwenye gorofa ya vyumba viwili unasubiri nini?

Wakasepa. Gazeti la New York Times lilipiga hesabu kwa kutumia data za simu, likakuta kati ya Machi mosi na Mei mosi watu kama 420,000 walikuwa wametoka jijini, ambayo ni kama asilimia 5 ya wakazi. Hapo ndo watu wa nyumbani wengi mnapopotea, mnasikia laki nne mnadhani jiji zima lilifungasha, kumbe ile asilimia 5 haikugawanyika sawasawa. Upper East Side, West Village, SoHo, mitaa ya wenye nazo, kuna sehemu watu walipungua kwa asilimia 40 na zaidi, yaani unapita jioni madirisha giza tupu. Halafu vuka uende Queens, kuna mtaa unaitwa Corona, ndiyo, Corona, na lilikuwa jina lake toka zamani kabla ya huu ugonjwa, na pembeni yake Elmhurst ambako hospitali ilielemewa vibaya sana, kule watu walibaki palepale. Waende wapi? Hao ndo wapishi, wasafishaji, wajenzi, wale wanaosukuma baiskeli za kupeleka oda za chakula, wale wa kuhudumia wazee. Kumgeuza mgonjwa kitandani hakufanyiki kwa laptop.

Na hii ndo ninayotaka mnielewe leo kuliko kitu kingine chochote. Mkisikia watu walihama jiji, ulizeni kwanza kazi zao zilikuwa za aina gani. Takwimu za serikali ya hapa zinaonesha Mei 2020 kama asilimia 35 ya wafanyakazi walikuwa wanafanyia kazi nyumbani sababu ya korona, na wengi wao ni wasomi wa maofisini, mabenki, teknolojia, sheria, matangazo. Hiyo ni theluthi na kidogo. Waliobaki, ama waliendelea kutoka kila siku kama mimi ama kazi ziliota mbawa. Na sisi tuliokuwa tunatoka tulipata tabu zetu, kuanzia tarehe 6 Mei treni za chini ya ardhi zikawa zinafungwa saa saba usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ili zisafishwe, New York ile inayojisifu treni zake hazilali, na kufunga usiku huko kukaenda mpaka Mei 2021, ingawa toka Februari mwaka huo masaa yalipunguzwa. Wewe umemaliza shifti saa nane usiku, utajua mwenyewe na mabasi.

Sasa msidhani walikokwenda walipokelewa kwa vigelegele, maana huko mnaonaga Wamarekani wastaarabu sana. Mwisho wa Machi gavana wa Rhode Island, mama mmoja anaitwa Gina Raimondo, aliamuru polisi wasimamishe magari yote yenye namba za New York, na askari wa akiba wakawa wanapita nyumba hadi nyumba kwenye miji ya pwani kuuliza nani katoka New York, ukikutwa unajifungia siku 14. Cuomo akasema ntawapeleka mahakamani, ndo wakabadilisha ikawa kwa watu wa majimbo yote. Maine huko kwenye kisiwa cha Vinalhaven ndo kali zaidi, wenyeji walikata mti wakauangusha barabarani kuwafungia ndani watu waliokuwa na gari la namba za New Jersey. Mti jamani! Na wengine walibeba bunduki. Tena wale watu wenyewe walikuwa pale kikazi toka kabla, hawakuja kukimbia chochote. Hofu ikishaingia mtu hauliziwi habari zake, anaangaliwa namba ya gari.

Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza, watu wenye nyumba za pili, wanaondoka na begi na mbwa. Kazi yangu ilishika moto awamu ya pili, kuanzia kiangazi, pale watu walipoona hili jambo haliishi kesho. Unajua kwa nini? Mambo mawili yaligongana. Mwezi wa tano Twitter wakasema wafanyakazi wao wakitaka watafanyia kazi nyumbani milele, na kampuni nyingine zikafuata kwa namna zake, ingawa Zuckerberg wa Facebook yeye alisema wazi, hama uende unakotaka lakini ukihamia sehemu ya bei rahisi na mshahara wako tutauangalia upya. Mjanja yule. Jambo la pili ni mkopo wa nyumba. Benki kuu ilishusha riba mpaka karibu na sifuri, na mkopo wa nyumba wa miaka 30 Julai 2020 ukashuka chini ya asilimia 3 kwa mara ya kwanza katika historia, Januari 2021 ukafika 2.65. Kwa hiyo mtu anakaa anapiga hesabu, hapa nalipa zaidi ya dola 3,000 kila mwezi kwa kiapatimenti, ofisi imefungwa, mgahawa umefungwa, ukumbi wa muziki umefungwa, nalipia nini?

Basi sisi tukawa tunaitwa. Kuhamisha mizigo ilihesabika kazi ya lazima. Yale majengo ya Manhattan usifikiri unafika tu unabeba, lazima kampuni itume karatasi ya bima kwa wasimamizi wa jengo, muagize lifti ya mizigo, mpewe masaa, yakipita bado hamjamaliza ni kosa, na kipindi kile lifti ilikuwa watu wawili tu, barakoa, kila kitufe mnafuta. Mteja kasimama mbali upande wa pili wa barabara anatuelekeza kwa simu, tunaonana uso kwa uso lakini tunaongea kwa simu. Unajua unavyobeba makochi umevaa barakoa mwezi wa saba? Pumzi inakwisha halafu miwani imejaa ukungu. Halafu safari, maili kama 90 kwenda Kingston, siyo ile ya Jamaika, ni mji mdogo kaskazini ya jiji kwenye bonde la mto Hudson, na lori haliruhusiwi kupita ile barabara nzuri ya Palisades yenye miti, lazima tuzunguke na barabara kuu ya kulipia.

Kuna mmoja simsahau, kijana hivi na mkewe, watu wazuri tu. Tumeshusha vitu, nyumba nzuri ya mbao, kiwanja kikubwa, wanatabasamu. Jamaa akaniuliza kwa upole, eti takataka zinachukuliwa siku gani? Mimi namuuliza dalali hakukwambia? Maana maeneo mengi ya kule hakuna gari la taka, unazipakia mwenyewe unapeleka dampo la mji na lazima uwe na stika yao kwenye gari. Maji ni kisima chako, pampu ikiharibika ni yako. Maji taka ni karo lako hapo nyuma, likijaa ni lako. Theluji kwenye njia yako ndefu ile, ni yako, utafute mtu mwenye gari la kusukuma. Mke akawa anatembea uani kanyanyua simu juu anatafuta mtandao, na kule mtandao wa waya ukiwa haujafika nyumbani kwako kampuni inaweza kukudai maelfu ya dola kuvuta toka barabarani. Hapo ndo watu wakawa wanalilia Starlink, ile intaneti ya setilaiti, ilipoanza majaribio Oktoba 2020, dola 499 kifaa, 99 kila mwezi. Na kupe! Bonde lile la Hudson limejaa kupe wa kulungu wanaoleta ugonjwa wa Lyme, mtu katoka gorofa ya 14 leo kila jioni anakagua miguu ya watoto.

Sasa hao ndo waliokwenda mbali, na hawakuwa wengi kihivyo. Wengi walihamia karibu tu, vitongoji vya New Jersey, Long Island, Connecticut, Westchester, yaani mtu kahama jiji lakini akitaka ndani ya saa moja na nusu yupo mjini. Kuna mchumi wa Stanford, Nicholas Bloom, na mwenzake Arjun Ramani walilichunguza hili wakaliita donati, katikati kumetoboka pembeni kumejaa, na wakaona zaidi ni kwenye majiji makubwa. Kwa hiyo ile picha mliyonayo ya Mzungu kaacha benki yuko shambani na jembe, ifuteni. Yuko kwenye meza ileile, mkutano uleule, dirishani ndo kuna mti.

Na wenyeji je? Hili halisemwi sana na mimi linaniuma. Kingston ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako bei za nyumba zilipanda kwa kasi kubwa kabisa Marekani 2020, Boise kule Idaho vilevile, Bozeman Montana vilevile. Wa jijini anakuja kauza gorofa yake, analipa keshi, anaongeza juu ya bei iliyotajwa na wala hakagui nyumba. Mwalimu wa pale, fundi bomba wa pale, ataweza wapi? Dereva wetu mwenyewe wa lori alikuwa mpangaji wa Kingston miaka mingi, mwenye nyumba akaona bei, akauza, akampa notisi. Jamaa akawa asubuhi anawaletea watu vitu mjini kwao na jioni anatafuta pa kulala. Alikuja kuhamia mbali zaidi kaskazini, kazini akawa anaamka usiku wa manane.

Haya, New York ilibaki mahame? Takwimu za sensa zinasema kati ya Julai 2020 na Julai 2021 jiji lilipoteza watu zaidi ya 305,000, San Francisco karibu 55,000, ambayo kwao ni asilimia 6.3, pigo kubwa. Kodi za Manhattan zikashuka chini ya dola 3,000, wenye nyumba wakawa wanakupa miezi ya bure ukisaini. Wajanja waliokuwa wamebanana Bronx na Queens wakaingia hapo, nawajua. Lakini Mei 2022 kodi ishafika 4,000, imepita ilipokuwa kabla ya korona. Na Julai 2024 wakazi wameshaanza kuongezeka tena, milioni 8.48.

Na maofisi nayo yakaanza kuita watu. Amazon walitaka watu siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Hata Zoom, hao hao Zoom waliotajirika na mikutano ya nyumbani, Agosti 2023 waliwaambia wafanyakazi wa karibu warudi ofisini siku mbili kwa wiki, hii nikiwasimulia watu hawaamini. Sasa yule wa bonde la Hudson yuko kwenye treni masaa mawili kwenda. Kuuza arudi hataki, maana ana mkopo wa asilimia 3 na Oktoba 2023 mkopo mpya ulifika karibu 7.8, akiuachia haupati tena. Kakwama na uzuri wake.

Dada aliyeuliza aliongeza, je mtu akija huku na makaratasi yake aende mji mdogo? Inategemea kazi mdogo wangu. Kama ni muuguzi mwenye leseni, hospitali za vijijini zinatafuta watu kwa tochi, ila chunguza kwanza, maana toka 2010 zaidi ya 100 zimefungwa au kuacha kulaza wagonjwa, usije kuhamia mahali hospitali yenyewe inapumulia mashine. Kama kazi yako ni ya kompyuta na bosi kaandika kwenye mkataba, siyo kasema kwa mdomo, kuna mpaka miji inakulipa uende, Tulsa kule Oklahoma wanatoa dola 10,000 toka 2018, West Virginia wakaanza 2021 na dola 12,000, masharti yapo yasomeni. Kama ni kazi za mikono kama zangu, hesabu gari kwanza, bila gari kule wewe ni mfungwa, halafu gari lenyewe liwe la theluji.

Kuna waliouliza gharama za kukodi lori toka jimbo moja kwenda lingine, hiyo ntaifanyia video yake, ina mambo mengi na nyingine ni za kitapeli. Simu inaita hapa, bosi huyo, kesho kuna mtu anarudi Brooklyn kutoka Hudson na piano. Ghorofa ya tatu, wanasema lifti hakuna.